Nilijua Desemba Hawatakuwepo, Nikanyamaza

Admin, naomba ufiche jina langu na idara yangu, maana mume wangu yumo humu na anasoma mpaka komenti za mwisho. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Kibosho, na ni mtumishi wa umma hapa Moshi, upande wa maendeleo ya jamii. Kazi hii naijua kuliko jiko langu. Sikuja kutafuta huruma. Nina roho ya kwa nini, na safari hii imewaumiza watu ambao hawajanikosea kitu.

Mwaka jana, sikukuu zikiwa zimeshapita, tuliletewa mshauri. Nitamwita Rehema. Ni binti wa Mtwara, ana miaka thelathini na moja, mpole, amesoma. Alikuja kutusaidia kuandika mikataba ya aina mpya, ya kulipia matokeo. Yaani mwekezaji anatoa mtaji kwanza, shirika linawafundisha kazi wasichana waliozaa wakiwa shuleni, na halmashauri inalipa tu pale inapoonekana kweli msichana ameshika kazi na anaendelea nayo. Hakuna kulipia semina na picha za pamoja.

Ni jambo zuri, nakiri. Ila mimi nililisema zamani, kwa maneno yangu ya kienyeji, kwamba tusilipie mahudhurio, tuangalie msichana amefika wapi. Bosi akaniambia, "Mama, wewe andaa chai ya wageni." Alipokuja kulisema Rehema, bosi huyohuyo akachukua kalamu akaandika. Jamani! Tangu siku hiyo kila kitu chake kilinikera, viatu vyake, kicheko chake, hata alivyokuwa anasifia ndizi zetu.

Kilichonimaliza ni Upendo, ambalo pia si jina lake. Huyu binti nilimtoa mwenyewe kwenye chumba kimoja kule Rau, akiwa na mtoto mchanga na hana pa kwenda. Nilimbembeleza mpaka akakubali kujiunga na karakana ya ushonaji ya mradi. Siku moja nikamkuta anamwita Rehema "mama". Mimi ananiita "madam".

Sasa sikilizeni dhambi yangu. Rasimu ya mkataba ilipotoka, nilipewa kiambatisho cha ratiba nikipitie, kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji. Rehema alikuwa ameandika kwamba uhakiki wa mwisho utafanyika wiki ya Krismasi, ili mwaka ufungwe na hesabu yake. Msichana akutwe kazini au anapoishi. Asipokutwa mara mbili, hahesabiki.

Mtu yeyote wa huku angecheka. Wiki ya Krismasi mjini unamhesabu nani? Watu wote wamepanda mgombani, makwao kule mlimani. Wa Dar wamekuja, wa Mwanza wamekuja, ukoo unachinja, na msichana aliyezaa akasamehewa ndiyo kabisa, lazima apande mtoto akaonwe na bibi yake. Rehema hakuwahi kuiona Desemba ya Moshi. Angejuaje? Wakubwa wa pande zote walisaini ukurasa wa mwisho bila kufungua viambatisho. Mimi niliiona ile tarehe, nikatabasamu, nikaandika pembeni, "Hakuna maoni."

Uhakiki ukafika na nikapangwa kuongoza. Karakana ilikuwa na kufuli. Kwa Upendo, jirani akaniambia, "Amepanda Marangu kwa bibi yake. Cherehani ameniachia mimi, kasema akirudi kuna sare za shule za kumalizia." Nikamshukuru, nikaandika, "Hakupatikana." Nikarudi siku ya pili nikaandika vilevile. Nilifanya hivyo nyumba baada ya nyumba, huku jioni na mimi napanda kwetu Kibosho kula nyama.

Januari hii matokeo yamesomwa, mradi umeonekana umeanguka. Mwekezaji anataka kujitoa. Rehema alinifuata ofisini, macho mekundu, akaniuliza, "Dada, wewe ndiye mwenyeji. Nilikosea wapi?"

Nikamjibu, "Wasichana wa siku hizi, mdogo wangu, ndivyo walivyo." Akaniamini. Akanishukuru kwa kumsaidia mwaka mzima.

Juzi nikakutana na Upendo sokoni Bomang'ombe, amekuja kununua vitambaa, mtoto yuko mgongoni. "Shikamoo madam." Nikaitikia. Akasema, "Wametuambia karakana inafungwa, tumefeli. Tumefeli nini, madam? Mimi sijakosa hata siku moja. Au kuna mtu alinisema vibaya?" Nilijifanya napokea simu, nikaondoka.

Alhamisi kamati inakaa kuuvunja mkataba. Nikisimama na kusema ukweli, wasichana watahesabiwa upya na karakana itabaki. Ila kuna maneno yangu mawili pembeni ya ratiba, na sahihi yangu iko kwenye kila fomu. Naweza kupoteza kazi. Na bosi ameshaninong'oneza kwamba Rehema akiondoka, meza ile ni yangu. Ndiyo kitu nilichokuwa nakililia miaka yote.

Msiniambie nisali, nimesali, na kanisani nimekaa kiti cha nyuma Jumapili mbili. Nitawaambia ukweli unaonitia aibu zaidi. Kinachonizuia si kazi peke yake. Ni kwamba nikisema, mradi utasimama tena, watu watampigia Rehema makofi, na mimi ndiye nitakuwa nimempandisha jukwaani kwa mdomo wangu. Hata sasa naandika, hilo linanichoma kuliko maswali ya Upendo. Mtu wa namna hii anaanzia wapi? Nimwendee Rehema kwanza, au nisubiri Alhamisi niseme mbele ya wote? Nishaurini, na mkinitukana sawa, ila mnijibu kabla ya Alhamisi.