Suti Nyeusi Katika Nchi ya Waamishi

Msimamizi wetu pale ghalani Ingleburn, Australia, aliniita ofisini akaniambia kwamba siku zangu za likizo zimelundikana mno, na kampuni inataka nizitumie kabla ya mwaka kwisha. Sikuwa nimeziomba. Nimeendesha foklifti kwenye ghala hilo kwa miaka kumi na moja, na likizo kwangu ilikuwa kitu cha harusi na misiba. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba nitakwenda Marekani kumwona mdogo wangu.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu."

Aliniangalia kwa muda, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Yeye hakuweza kuja. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zake zilikuwa zimeshapangwa.

Sisi ni watu wa Uvira. Mimi na mdogo wangu tuliishi kambi moja ya wakimbizi lakini kwa faili mbili. Yangu ilipata Australia, yake ikapata Marekani, jimbo la Pennsylvania, na tangu hapo tulikuwa hatujaonana uso kwa uso kwa miaka kumi na minne. Mama alichoka na kambi, akarudi Uvira, ambako anaishi na binamu yetu mmoja wa kike. Simu ni ya huyo binamu. Kwa wiki mbili kabla ya safari yangu, simu hiyo haikupatikana. Nilijaribu kila siku saa ile ile na kuandika kwenye daftari: haipatikani. Sikumwambia mdogo wangu. Sikutaka kumtisha bure.

Nilipompigia kumwarifu kwamba nakuja, zilikuwa zimebaki siku tisa.

"Unakuja na nani, yaya?" Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu.

"Peke yangu."

"Kufanya nini?"

"Kukuona tu. Na nataka kuwaona Waamishi. Nimesoma habari zao."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeazima kitabu maktaba kuhusu hawa Wakristo wanaolima kwa nyumbu, wanaotembea kwa magari ya farasi na kukataa umeme wa serikali, na ambao mashamba yao, kwa mujibu wa ramani, yanaanzia karibu kabisa na mji anaoishi mdogo wangu. Nilinakili kurasa kumi na mbili. Mdogo wangu alinisikiliza nikieleza, kisha akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jambo lingine.

Nilisafiri nikiwa nimevaa suti yangu nyeusi, ile niliyoshonewa kule Australia, mtaa wa Cabramatta. Nilikuwa nimeipima: kilo mbili na robo. Begi lilikuwa limejaa zawadi, kwa hiyo suti ilibidi iende mwilini.

Uwanjani alinikumbatia kwa muda mrefu, halafu akanishika mabega na kunitazama kuanzia kola hadi viatu. Alikuwa peke yake. Nilimuuliza mkewe yuko wapi. "Nyumbani, anapika. Watu wa kanisa wanakungoja." Nikaweka neno hilo kichwani. Watu wa kanisa, siku ya kazi, saa nne asubuhi.

Ramani ilisema ni mwendo wa saa moja na nusu. Baada ya nusu saa aliiacha barabara kuu.

"Tupite njia za ndani," alisema. "Si ulitaka Waamishi?"

"Nilitaka. Lakini si leo. Nataka kuoga."

"Pole pole, yaya. Unakimbilia wapi?"

Ilikuwa msimu wa kuvuna mahindi. Barabara zilikuwa nyembamba, zikipanda na kushuka, na mbele yetu kulikuwa na gari la kijivu la farasi lenye alama ya pembetatu nyuma. Mdogo wangu angeweza kulipita. Hakulipita. Alilifuata kwa mwendo wa farasi kwa muda ambao niliupima: dakika kumi na saba. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ndefu kutoka ukuta wa nyumba hadi juu ya banda, nyingi zake nyeusi. Mwanamume mmoja alisimama juu ya plau iliyokokotwa na nyumbu sita. Mambo yote niliyosoma yalikuwa mbele ya macho yangu, na sikuweza kuyafurahia, kwa sababu nilikuwa namtazama dereva.

Simu yake ililia. Alisema maneno machache ya chini kwa lugha ya nyumbani: "Bado. Tuko njiani. Hapana, bado." Akaizima.

Tulisimama kwenye meza ya kando ya barabara, ambako mama mmoja wa Kiamishi mwenye kofia nyeupe alikuwa akiuza mikate mitamu ya maboga. Mdogo wangu alinunua miwili akanilazimisha kula mmoja wote, tumesimama.

"Kula, yaya. Uwe na nguvu."

"Nguvu za nini?"

"Za safari. Kula."

Hapo ndipo nilipoacha kutafuna. Kwetu habari ya kifo haisemwi kwa simu wala njiani. Mtu anaachwa afike nyumbani, ale, akae katikati ya watu, ndipo mzee wa kanisa aanze kuzunguka na maneno mpaka afike. Wakati watu hawajakusanyika, kuna mmoja anayepewa kazi ya kumchelewesha. Naijua kazi hiyo. Niliwahi kumzungusha mwanamume mmoja madukani Bankstown, kule Australia, mchana kutwa, nikijifanya natafuta viatu, kwa sababu nyumbani kwake viti vilikuwa bado havijatosha. Nilijaribu jozi tisa. Nilimnunulia chakula pia, nikamwambia ale.

Tukarudi garini. Nilianza kupanga ushahidi. Watu wa kanisa. Simu iliyozimwa. Chakula. Na lililokuwa kubwa kuliko yote: tangu uwanjani, mdogo wangu alikuwa ameuliza habari za mke wangu, watoto, ghala, hata jirani zangu, lakini Mama hakumtaja hata mara moja. Mimi pia sikumtaja. Niliogopa kuona uso wake ukibadilika.

Alisimama tena, safari hii bila sababu, karibu na njia ya kuingilia shamba moja. Pembeni kulikuwa na kibanda chembamba cha mbao chenye mlango na dirisha dogo, mbali na nyumba.

"Unajua kile ni nini?" nikamuuliza, ili niseme kitu.

"Choo."

"Ni simu. Dini yao haiwaruhusu kuwa nayo ndani, kwa hiyo wanaiweka huku nje. Anayetaka kupiga anatembea mpaka hapa."

"Kumbe! Miaka yote hii nawahurumia, nasema hawa watu wanakwenda mbali hivi usiku na baridi!" Alicheka, nami nikacheka. Kisha akaacha. "Lakini wana akili. Habari inabaki nje. Nyumbani hamna anayeshtuka."

Sikuvumilia zaidi.

"Mdogo wangu, mimi ndiye mkubwa. Sitaki kuambiwa na mchungaji. Mama amekufa lini?"

Aligeuka polepole. Sijawahi kumwona mtu akinikazia macho vile.

"Si wewe ndiye umekuja kuniambia?"

"Mimi?"

"Yaya, mtu anatoka Australia. Peke yake. Hakuna harusi. Ananiambia siku tisa kabla, eti anakuja kuona farasi. Anashuka na suti nyeusi! Hamtaji Mama. Nifikirie nini?"

"Suti ni kwa sababu ya uzito wa begi."

"Uzito wa begi!" Alipiga usukani kwa kiganja. "Mke wangu ameita kanisa zima ili nisisikie nikiwa peke yangu. Wamekodi viti. Mimi nimeshindwa kufika. Nilisema, tukiwa bado barabarani hataweza kunieleza, acha nizunguke kidogo na mama yangu akiwa bado hai."

Gari la farasi lilipita, kwato zikigonga lami. Ndipo nilipoona kwamba hatujamaliza chochote. Mimi sikujua. Yeye hakujua.

"Wewe ulizungumza naye lini?" nikauliza.

"Zaidi kidogo ya wiki mbili. Tangu hapo simu haiingii. Nilidhani wewe umempata."

Alitoa simu, akaiwasha, akapiga na kuiweka spika. Huko Uvira ilikuwa jioni. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili iliita, na binamu akapokea, akasema mnara ulikuwa umeharibika, subirini. Tulisikia kiti kikisukumwa, hatua, kikohozi ambacho ningekitambua popote.

"Halo?"

"Mama," tulisema wote wawili kwa pamoja.

"Muko wawili?"

"Ndiyo, Mama. Niko huku Amerika kwa mdogo wangu."

"Pamoja? Munanipigia pamoja?" Sauti yake ilishuka. "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Musinifiche. Mimi ni mtu muzima. Mke wako iko wapi? Nipe yeye nimusikie."

"Amebaki Australia, Mama."

"Basi ni yeye," alisema Mama, na akaanza kulia.

Hakukuwa na njia nyingine. Nilimpigia mke wangu kwa simu yangu. Kule Ingleburn alikuwa anavaa kwenda zamu ya alfajiri. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujakwisha.

"Ni Mama, ndiyo?" alisema. "Niambie tu."

"Mama ni mzima. Anakutafuta wewe."

Tulishuka, tukaziweka simu mbili juu ya nguzo ya uzio, uso kwa uso, karibu na kile kibanda, na wanawake wawili wakaulizana hali kutoka ncha mbili za dunia. Mama alimuuliza jana alipika nini. Alimuuliza jina la nyumbani la mtoto wetu wa tatu, kuhakikisha ni yeye kweli. Mwenye shamba alitoka bandani akasimama kwa mbali, mikono kwenye mikanda ya suruali, akitutazama bila kusogea.

Hatimaye Mama aliridhika kwamba mkwewe anapumua. Nilisikia akijipangusa pua.

"Sasa wewe," aliniambia, "Amerika umekwenda kufanya nini?"

"Kutembea tu, Mama."

Akamwita mdogo wangu kwa jina lake la utoto, akamwambia atoe spika. Mdogo wangu aliichukua simu, akaiweka sikioni, akaenda nayo kando ya mahindi, na nikamsikia akijibu, "Hajasema anaumwa nini, Mama." Kila mara aliinua macho kunitazama, mimi na suti yangu, na kuitikia kwa kichwa.