Ukoo wa Petro Mtaliano

Ipo siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo hata sasa nikifumba macho naiona kama bado naiishi. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Kasokola, mpunga umeanza kutoa masuke na ukungu umelala juu ya majaruba. Siku hiyo mzee Petro alikuja nyumbani kwetu kuniposa kwa ajili ya mwanawe Antoni.

Watu walimwita Petro Mtaliano. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba, anaishi Magamba, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kikonongo cha marehemu mkewe, hata ukimsikia bila kumwona hukujua kwamba ni mzungu. Mimi nilikuwa jikoni na shangazi, nachochea kuni mbichi. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Nilimpenda Antoni, na nyumbani sikuwa nimemwambia mtu.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka baba mkubwa alipokohoa.

“Kijana hatuna neno naye,” alisema. “Ila huyu mzee hana ukoo. Mwanetu akipata shida huko, tutakwenda kumlalamikia nani?”

Mwiko ukasimama mkononi mwangu.

Ndipo Petro akaomba aseme mwenyewe. Alizungumza polepole, kama mtu anayesimulia ndoto, nasi jikoni tukasogea mlangoni. Alisema alikuwa askari kijana, akatekwa na Waingereza vitani huko Ethiopia, akaletwa kwa meli na treni hadi kambi ya wafungwa upande wa Tabora. Alikaa miaka nyuma ya waya, wakitolewa mchana kwenda kutengeneza barabara. Kila jioni alifumba macho akaenda kwao kwa mawazo. Alipita kisimani, akapanda kilima, akafika mlangoni kwa mama yake, na kabla hajagonga, filimbi ya kambi ikalia.

Vita ilipokwisha walirudishwa makwao. Akaugonga mlango ule kweli, akafungua mtu asiyemjua. Mama yake alikuwa ameshazikwa. Watu wa kijijini walimkaribisha vizuri sana, kama mgeni. Na hapo ndoto zake zikageuka. Sasa akilala alinusa udongo wa huku ukipigwa na mvua ya kwanza, akaona miombo inachipua majani mekundu, akamwona mzee mmoja wa Kinyamwezi, mwenzake wa kazi ya barabara, aliyekaa akimpepea kwa kofia siku aliposhikwa na homa. Basi aliposikia kwamba mgodi wa madini ya risasi hapa Mpanda unatafuta mafundi, akapanda meli. Mgodi ulipofungwa, wenzake waliondoka. Yeye akabaki, akaoa.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa kwenye mkeka wake pembeni, na wote tulidhani amesinzia.

“Mara ya kwanza uliletwa?” bibi aliuliza.

“Nililetwa kwa bunduki, mama.”

“Na mara ya pili?”

“Nilikuja mwenyewe.”

Bibi akamgeukia baba mkubwa. “Sisi tulizaliwa hapa, hakuna aliyetuuliza. Huyu ameona kwao, ameona kwetu, akatuchagua. Kama ukoo ndio unaotafutwa, mimi ndiye ukoo wake. Mkiwa na lalamiko, leteni kwangu.”

Tulifunga ndoa kanisani baada ya mavuno. Usifikiri bibi alikuwa anatafuta maneno mazuri ya kusema mbele za watu. Mwaka wa pili mimi na Antoni tuligombana vibaya, nikarudi Kasokola nimebeba mtoto mgongoni. Bibi alimwita Petro, naye akaja kwa miguu kutoka Magamba, ameloa mpaka mifupani, akasimama mlangoni akasema, “Nimeitwa na mama.” Tulikaa, tukasemana, tukapatana. Bibi alipofariki, Petro alikaa matanga pamoja na wanawe wengine, akanyoa nywele kama wao. Yeye mwenyewe tulimzika Magamba.

Mwanangu, nyie vijana mna haraka ya kuuliza, huyu ni mtu wa wapi? Katika nchi hii yetu wamefika wengi, waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini na waliovuka mpaka wakikimbia kuuawa. Ninachokuusia ni hiki: mtu akija kwako, kabla hujamhesabu kuwa mgeni, muulize ni nini kilichomfanya abaki, kisha umtazame anavyoitikia akiitwa. Na ukimkubali, mkubali hadharani, mbele ya wakubwa wako, na uwe tayari kujibu kwa ajili yake. Kumkaribisha mtu chakula ni rahisi. Kumpa watu wa kuwaita wake ndiyo kazi.

Mungu akujalie afya, mwanangu, na mvua kwa wakati wake, na nyumba ambayo waliomo ndani yake wamependa kuwamo.