Nilimfundisha binti yangu kulipa kadi kama tunavyolipa mbolea

Asante admin kwa kunifichia jina, maana hapa Kibugu watu hujuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa hesabu na mkulima wa chai. Wengi wenu ni umri wa wanangu, kwa hivyo nivumilieni nikieleza polepole.

Binti yangu, nitamwita Wawira, ni karani katika ofisi moja mjini Meru. Mwaka jana benki ilimpa kadi ya mkopo, ya kwanza maishani mwake. Akanunua friji na kitanda, na mimi akaninunulia miwani hii ninayoandikia. Benki ilipomtumia hesabu ya kwanza ya deni, alinipigia simu.

"Baba, wanasema naweza kulipa yote ama kiasi kidogo tu. Pesa ya kulipa yote ninayo. Nifanye nini?"

Nikacheka. "Haraka ya nini? Mbolea ya kiwanda tunailipaje? Si wanakata kidogo kidogo mpaka bonasi ya mwaka? Lipa hicho kidogo, hizo zingine ujipange nazo."

"Kweli, Baba?"

"Kwani ni nani alikufundisha hesabu?"

Niwaeleze kosa langu. Kiwanda cha chai hutupatia mbolea kwa mkopo, kisha hukata bei yake kwenye majani tunayopeleka. Kwetu, gunia ulilochukua hubaki na bei ileile hadi umalize. Kadi si hivyo. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe yao, huongezewi kitu. Ukilipa kile kidogo, linalobaki huzaa riba, na mwezi unaofuata riba nayo huzaa. Mimi niliyefundisha riba ubaoni nusu ya maisha yangu sikuuliza hata swali moja. Niliona aibu kusema sijawahi kushika kadi kama hiyo.

Wawira alinitii. Alilipa kidogo kila mwezi, na kwa kuwa alidhani yuko sawa, akaendelea kuitumia. Deni lilipomshinda, benki ikaanza kumtafuta, mpaka wakampigia mama yake.

Sasa, mimi na mama yake tulikuwa tumekubaliana kumgawia Wawira shamba la chai sawa na kaka yake, Njeru. Hapa kwetu si kila ukoo humfanyia msichana hivyo. Jumapili tukiwa mezani, Njeru akasema, "Huyu mkimpa shamba, ataliswaipu kama hiyo kadi."

"Nyamaza wewe," mama yake akamkemea. Kisha akamgeukia binti. "Lakini Wawira, ni nani alikudanganya hivi? Ni hao marafiki wako wa Meru?"

Wawira akaniangalia, mara moja tu. "Hakuna mtu, Mama. Ni ujinga wangu."

Nami nikasogeza kikombe, nikaomba niongezewe chai.

Baadaye nilimfuata nje alikokuwa akimpa ng'ombe nyasi, nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Nikikutaja, Njeru ataanza kubisha hata vile umegawa. Wacha tu, Baba. Nitalipa."

Jumamosi hii wazee wa ukoo wanakuja kushuhudia ugawaji. Mama yake ameshabadilisha nia: chai yote ishikwe na Njeru, Wawira angoje mpaka apate akili. Nikisimama niseme ukweli, Njeru atauliza kama mzee aliyempotosha mtoto kwa kadi anaweza kuaminiwa kugawa shamba, na wale wasiotaka msichana arithi watakuwa wamepata sababu. Nikinyamaza, binti yangu atapoteza sehemu yake kwa kosa langu, na atanyamaza nami, kwa heshima. Ni heshima hiyo inayoniumiza zaidi.

Jana alinipigia tena. "Baba, nimepata pesa kidogo. Niipeleke yote kwa kadi, ama nibaki na ya kodi ya nyumba?"

Baada ya yote hayo, bado ananiuliza mimi. Nilimwambia simu inakatika, nikaizima.

Wanangu, ninyi mnaozijua kadi hizi na mnaowajua wazazi kama mimi, nishaurini. Niseme mbele ya wazee wote, au nianze na mama yake peke yake? Na nikimpigia Wawira leo, nianze na neno gani? Nifanye nini, kabla ya Jumamosi?