Mkwe Chini ya Dungu

Mtu akitunga kisa, hujitungia ushujaa. Hujipa panga mkononi, hujipa moyo wa simba, na mzuka ndio unaomkimbia yeye. Sasa niambie, nani atakaa chini atunge kisa ambacho ndani yake yeye mwenyewe yuko uchi kama alivyozaliwa, na mama mkwe wake amesimama hapo chini? Hayupo. Basi jua kwamba haya yalitokea, yalinitokea mimi, na watu kuanzia Kiberege mpaka Malinyi walishanicheka. Ukitaka kucheka na wewe, cheka. Sitakuzuia.

Miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo, kazi yangu ilikuwa kujenga madungu. Si yale ya kuamia ndege kwenye mpunga, yale hata mtoto anajenga. Nasema madungu ya kuwindia, mtu anakaa juu na bunduki yake akingoja sheshe watoke kwenye matete waje kula majani mafupi. Sheshe ni swala wetu wa mbugani, rangi yake ya udongo mwekundu, hapendi kwenda mbali na maji. Ana pua kali, ana masikio, lakini kutazama juu si desturi yake. Hapo ndipo nilipopatia ugali wangu.

Na nilikuwa fundi, niamini. Udongo wetu mweusi ukilowa hulegea kama uji, kwa hiyo nguzo zangu nne nilizichimbia mpaka nikute udongo mgumu, kisha nikazipanua miguu kidogo, kama mtu anayejiandaa kutwishwa gunia. Misumari sikutumia. Mti ukikauka, msumari hulia, na ukilia mara moja tu umelala njaa. Nilifunga kwa kamba za gome bichi, zikikauka zinabana zenyewe. Urefu wa watu wawili unatosha. Ukizidisha, risasi inapita juu ya mgongo wa mnyama. Mbele na ubavuni nilizungushia matete mabichi mpaka kifuani kwa mtu aliyeketi. Nyuma, penye ngazi, sikuzungushia kitu. Ya nini? Mwindaji anatazama mbele. Kila dungu nililojenga lilikuwa wazi mgongoni, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mwaka huo mke wangu, Veneranda, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Tulikuwa tumehamia shamba kule mbugani, kama watu wote wanavyohamia mpunga ukianza kuiva. Kibanda kimoja hapa, kingine kule mbali, katikati ni matete tu. Mama yake alikuwa avuke mto kutoka upande wa Malinyi aje kukaa naye, halafu twende wote Ifakara tukangoje siku zake karibu na hospitali. Sasa mkwe anakuja, utampa nini? Mchicha? Nilimjengea kibanda chake peke yake, maana mkwe halali karibu na wewe, kisha nikachukua gobori langu nikamtafutie nyama.

Hapa lazima nikueleze adabu yetu, usije ukaniona mjinga bure. Mama mkwe hatazamwi usoni. Mkikutana njiani, unaingia majanini mpaka apite. Akiwa mbele yako, humpiti hata kama unakimbizwa. Neno la uso kwa uso hakuna. Akiwa na shida na wewe, anakipa kitu ujumbe. Atasema, "Mtungi, mwambie mwenyewe kuni zimekwisha," na wewe umesikia, unakwenda kutafuta kuni. Jina lake hulitamki mpaka unaingia kaburini. Ndivyo tulivyolelewa.

Jua lilikuwa limeegemea milima nilipofika kwenye dungu. Njiani nilikuwa nimevuka kijito, maji mpaka kiunoni. Huko juu nikavua kaptula ikauke, nikaitundika pembeni. Shati nikalizungushia bunduki, baruti isipate unyevu. Nguo ya ndani enzi zile nani alikuwa nayo? Nikakaa hivyo, mbu wananila, nangoja. Sheshe wakaanza kutoka, kwanza dume moja, halafu majike, wakainamisha vichwa wakala.

Ndipo niliposikia kikohozi chini, nyuma yangu. Kile kikohozi cha mtu mzima anayekujulisha kwamba yupo. Kisha sauti ya mama mkwe wangu, nisingeweza kuikosea.

"Ngazi, mwambie aliye juu ateremke. Mwanangu ameshikwa na uchungu."

Katika kushtuka mkono wangu uliigonga kaptula, ikaanguka chini. Nikachungulia kwapani mwangu mwenyewe. Amesimama amenipa mgongo, kaniki ameivuta mpaka kichwani, maji yanamchuruzika. Nikasema moyoni, naye amepita kijito kile kile, amewahi kufika, Veneranda amemwelekeza niliko. Kaptula iko karibu na miguu yake. Nifanye nini? Niteremke uchi mbele ya mkwe? Nimjibu, ajue kwamba namsikia nikiwa katika hali ile? Nikajikunyata kwenye matete, nikafumba macho, kama mtoto anayedhani asipokuona na wewe humwoni.

"Ngazi," akasema tena, "mwambie ni sasa hivi. Mikono yangu mimi haina nguvu tena."

Nilijiambia uzazi ni kazi ya wanawake, mama mtu ameshafika, mimi mwanamume nitakwenda kufanya nini pale? Akiondoka nitavaa, nitamfuata. Mke wangu yuko kwenye uchungu, na akili yangu yote iko kwenye kaptula. Naona haya hata kukusimulia.

Kuna jambo ambalo mwindaji yeyote angelishika, nami nililiona ila halikuniingia. Mimi niko juu, harufu yangu inapita juu kwa juu, lakini upepo ulikuwa unatoka chini kwake kwenda kwa sheshe. Mtu amelowa, anasema kwa sauti, upepo unampeleka moja kwa moja puani mwao, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Nikasikia kitu kinaparuza. Nikachungulia tena. Alikuwa ameokota kijiti, na kwa kijiti hicho ameinyanyua kaptula yangu bila kuigusa, uso ameugeuzia pembeni. Akaitundika kwenye kipandio cha chini cha ngazi. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyechoka sana, "Ngazi, mimi nakwenda. Sitaweza kuja tena."

Nilipoteremka kuivaa, kaptula ilikuwa imelowa kuliko nilivyoivua, na inanuka tope la mto mkubwa. Nikamwona mbele kwenye njia, anakwenda taratibu. Mpaka nyumbani ni kama nusu saa. Akipunguza mwendo na mimi napunguza, maana mkwe hapitwi. Unaelewa nilichokifanya? Mke wangu ananihitaji, njia iko wazi, na mimi natembea kama mtu anayesindikiza harusi. Penye kichuguu kikubwa njia inapinda, akapinda, nami nilipopinda sikumwona. Nikadhani ameshaingia ndani.

Ndani alikuwemo Veneranda peke yake. Amelala kwenye mkeka, mtoto kifuani, kitovu amekikata mwenyewe kwa ukingo wa utete. Damu ilikuwa imelowesha mkeka wote. Akaniuliza, "Mama hakukufikia? Alikuwa amenishika mgongo muda wote. Alisema anakwenda kukuita."

Nikamjibu sijaona mtu. Usinishangae. Kwetu mkwe akikukuta vibaya, basi hamkuonana, wewe husemi na yeye hasemi. Nilidhani yuko kwenye kibanda chake, nami namlindia heshima yake na yangu. Nikawasha moto, nikamfunika mke wangu, nikakimbia kuita jirani wa kibanda cha mbali.

Asubuhi wavuvi walikuja na habari. Mtumbwi wa mama mkwe ulikuwa umepinduliwa na kiboko siku iliyopita, jua la utosi. Mpiga kasia aliogelea akapona. Yeye walimkuta amenasa kwenye miti ya kutegea samaki. Jua la utosi, nasema, na mimi alinijia jua likizama.

Tulimbeba Veneranda kwa machela mpaka Ifakara. Alipona, lakini daktari alituambia tusitegemee mtoto mwingine. Mimi nilikaa kimya. Siku zilivyopita ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito. Ningeanzaje? Ningemwambia nani kwamba marehemu, safari yake ya mwisho duniani, alinikuta juu ya dungu bila nguo?

Baada ya matanga dada mkubwa wa marehemu alikuja nyumbani na ndugu wengi. Veneranda akawaeleza jinsi mama yake alivyomshika mgongo jioni ile. Mama mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana. Akasema aliyekufa mchana hazalishi jioni. Kilichokuja ni kitu kingine kilichojivika sura ya mdogo wake, na mtoto aliyepokelewa na kitu kama hicho halelewi na aliyemzaa, mmoja wao atakufa. Mtoto ataondoka naye, akafanyiwe dawa huko, akae huko. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama mkubwa akanyoosha mikono.

Veneranda hakulia. Alinitazama mimi tu. Nadhani alikuwa ameshajua siku nyingi kwamba mama yake alinifikia.

Mama mkubwa naye ni mkwe wangu vile vile, siwezi kumsemesha. Nikaugeukia mlango. Nikasema, "Mlango, mwambie mama kwamba mimi pia alinijia." Nikauambia mlango yote mbele ya watu wale, dungu lililo wazi mgongoni, kaptula, gobori lililovaa shati langu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mama mkubwa naye akaugeukia mlango. "Mlango, muulize. Alimtazama?"

"Alinipa mgongo, na kichwa alikifunika."

"Na hiyo nguo, aliishika?"

"Kwa kijiti."

Mama mkubwa akashusha mikono, akaketi chini kabisa, akaanza kulia kilio ambacho hakukilia hata kwenye maziko. Akasema mzuka haujui mkwe ni nani, mzuka ungempandia ngazi. Huyo ni mdogo wangu, akasema, hata maji hayakumwondolea adabu. Mtoto abaki kwa mama yake.

Basi nyuma kule kuna mtu akashindwa kujizuia, akacheka. Akafuata wa pili. Wakacheka wote, wazee kwa vijana, wengine huku wanafuta machozi ya msiba. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Veneranda hakucheka. Walipoondoka aliniuliza swali moja, kwa nini sikuteremka. Nikamwambia ni haya, nilikuwa uchi. Akamweka mtoto kwenye ziwa la pili, akasema, "Na mimi nilikuwa uchi." Hajaniuliza tena.

Utani haujaisha mpaka leo. Mtu akija kuniagiza dungu ataniuliza kwanza, fundi, na huku nyuma umeziba? Nyuma naziba siku hizi, naziba kote, na juu yake sipandi. Namwonyesha mwenye nalo ngazi, najiondokea.

Mtoto tulimpa jina la bibi yake. Kwa hiyo jina la mwanangu wa pekee siwezi kulitamka, namwita Mkwe tu. Nasema, Mkwe, niletee maji. Mkwe, njoo. Anaacha anachofanya, hata kama anasonga ugali, anakuja na mikono yake ya unga. Ameshakuwa mtu mzima sasa, na sijawahi kumwita mara mbili.

Wewe uliyenisikiliza, sikukatazi kukaa juu ya dungu. Lakini ukisikia sauti ya mtu wako inakuita kutoka chini, usiulize umevaa nini, usingoje apite kwanza. Teremka hivyo hivyo ulivyo. Watu watakucheka, ndiyo, watacheka mpaka wachoke, halafu watakwenda kulala.