Siku kichwa cha treni kilipokuja kuchukua stoo ya shangazi yangu, Mkuyuni

Wakuu, salaam. Hii siyo chai. Nilikuwepo, na anayebisha aje Mkuyuni nimwoneshe reli yenyewe.

Nina shangazi, mdogo wake baba. Msukuma, mjane, muuza dagaa. Mzigo anachukua soko la Mwaloni kule Kirumba, anaulaza Mkuyuni, wateja wa Kahama wanaufuata hapo.

Stoo yake ilikuwa behewa la treni.

Msicheke kwanza. Jirani na kwake kuna njia ya pembeni ya reli ya zamani ya mizigo, miaka mingi haijapita kitu. Majani yamefunika mataruma, watu wanaanika nguo juu ya reli. Mwishoni palibaki behewa moja la bati. Marehemu mume wake alilisafisha, akapaka mlango rangi ya bluu, akatia kufuli. Panya haingii, mvua haiingii.

Gari la matangazo lilishapita: ondoeni vitu relini, mabehewa ya zamani yanakuja kuvutwa. Mtaa mzima ukacheka. Reli ile watu walishaizika kitambo.

Asubuhi moja nimeenda kumsalimia shangazi, hata marahaba hajamaliza, tukasikia honi.

Kichwa cha treni hicho, kinakuja mdogo mdogo, mafundi mbele wanafyeka majani. Na ziwani wingu limeshakuwa jeusi.

Wakuu, mle ndani ndimo ulimokuwa mtaji wake wote. Magunia hadi juu. Na dagaa mkavu akilowa, umebaki na chakula cha kuku.

Msimamizi wao, mbaba mrefu mwenye kofia ngumu, akasema hawezi kusubiri, njia kuu inahitajika. "Mama, toa unachoweza. Vingine vitaenda na behewa."

Shangazi akakaa chini kwenye reli, akaangua kilio cha msiba, kile cha kuita majirani. Halafu akanyamaza ghafla.

"Wewe baba, hiyo lafudhi ya wapi?"

"Dodoma, mama. Mimi Mgogo."

"Kumbe mtani! Mmechoka kuombaomba, siku hizi mnabeba na nyumba za watu?"

Yule baba akacheka bila kutaka. "Na wewe Msukuma, ushamba utakuisha lini? Nani alikwambia reli inakufa?"

"Haya, huu msiba wangu. Tangu lini mtani akaja msibani akasimama mikono mfukoni?"

Kwa msiojua: kwetu mtani ndiye anayefanya kazi za msiba na kuwachekesha wafiwa. Hakatai. Akikataa, aibu inamfuata hadi kwao.

Yule baba akamgeukia dereva: "Zima."

Wakashusha magunia wao, mimi na majirani. Lilipobaki la mwisho, yule baba akajilaza mlangoni mwa behewa, eti maiti haitoki mpaka watani wapewe chao. Shangazi akamrushia fungu la dagaa, watu mbavu hatuna. Turubai limefungwa tu juu ya magunia, mvua ikashuka.

Wakafunga cheni. Behewa likapiga ukelele wa kutu, likaanza kutembea.

Hapo shangazi kicheko kilimkatika. Aliona ule mlango wa bluu unaondoka, akalia, safari hii bila sauti. Na mimi yalinitoka, sifichi.

Mtani wetu akamsogelea. Akavua kofia, akamshika mkono, wakalisindikiza lile behewa kwa miguu, kwenye mvua, mpaka njia kuu.

Nilichojifunza: kitu kikinyamaza usikitangazie kifo. Na tangazo likipita, sikiliza. Lakini zaidi, utani wa makabila tusiuache ufe, kuna siku mtani anakuwa ndiye ndugu pekee aliye karibu.

Kwa sasa magunia yako sebuleni kwangu Buswelu. Mke wangu haongei na mimi, na nanukia dagaa hadi kazini. Mwenye kujua stoo kavu Mkuyuni au jirani, adondoshe hapa chini. Na wewe, mtani alishakusitiri wapi?

Wagogo wa humu, leo mmepona. Sina la kuwatania.