Saa ya Bibi Iliyolia kwa Kiswahili

Wiki iliyopita nilikwenda Igogo kufungua nyumba ya marehemu Bibi, na kitu cha kwanza nilichokiona sebuleni ni msumari. Chini yake ukuta una alama ya mstatili, rangi bado mpya kuliko kwingine. Hapo ndipo saa ilipokaa.

Ilikuwa saa ya mbao, ya kujaza kwa ufunguo, pendula yake ikiyumba kutwa kucha. Wageni waliicheka, maana Bibi aliitegesha kwa Kiswahili. Ikifika saa moja asubuhi, mshale mfupi ulikuwa kwenye moja na kengele ililia mara moja. "Iseme saba halafu mimi nielewe moja? Sina muda huo," alisema. Macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alihesabu kengele. Nne, anabandika maharage. Nane, mimi natoka shule, nakuta ugali umefunikwa sahani.

Kama ulikulia miaka ile utakumbuka bidhaa za nje zilivyoruhusiwa, maduka ya mjini yakajaa saa za plastiki: za duara, za dhahabu ya kupaka, zenye picha ya maporomoko ya maji. Mjomba alileta moja ya betri, akaondoka na ile ya mbao.

"Mama, hii haitaki ufunguo," alisema kwa fahari.

Kweli haikutaka. Ila haikuwa na kengele.

Nyumba ikapooza. Tulikuwa wawili tu, na tangu siku ile kengele nikawa mimi. Nikiosha vyombo, "Mjukuu wangu, saa ngapi?" Nikiruka kamba uani, saa ngapi. Siku moja nikachoka.

"Bibi, si umeuliza sasa hivi tu?"

Hakuniuliza tena. Nikawa kila nikitoka shule namkuta amekaa mlangoni, chakula kimepoa. Jirani ndiye aliyeniambia kwamba hukaa pale tangu asubuhi, kwa kuwa hajui nitarudi muda gani. Niliona aibu, lakini sikuomba msamaha.

Sasa naishi Kiseke peke yangu. Saa ninazo, ya ukutani na ya kwenye simu, na siku nzima hupita bila mtu kuniuliza lolote. Ndiyo maana siku ile, chini ya msumari, nilitoa simu nikaitazama, nikasema kwa sauti:

"Bibi, ni saa kumi na moja kasorobo. Nimeangalia vizuri."