Jengo la Kutukanwa

Khatibu alizaliwa Pangani, akasomea usanifu wa majengo Nairobi, na mwaka 1973 serikali ikamtupa Kasulu awe msanifu wa wilaya mbili, Kasulu na Kibondo. Ikamtupa, ndivyo alivyosema mwenyewe kwa yeyote aliyekubali kumsikiliza. Alishuka kwenye lori na meza ya kuchorea, shahada iliyotiwa fremu, na kichwa kilichovimba kiasi cha kustahili kiti chake. Msanifu mwenzake wa karibu zaidi alikuwa Mwanza. Khatibu alimpelekea michoro mara nne akiomba maoni. Yule bwana alijibu mara moja, akiulizia asali ya Kibondo.

Waashi wa Kasulu walikuwa na ada yao. Jengo likifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kabla ya kenchi za paa kupanda, mwenye kazi aliwaita mafundi wa mji mzima waje kulitukana. Kutukana hasa! Kila mmoja alizunguka kuta na timazi mkononi, akasema ubaya aliouona. Masharti yalikuwa mawili: tusi liwe la kweli, na mwenye jengo asijibu mpaka wamalize. Kisha aliwanywesha pombe ya ndizi. Mkubwa wao alikuwa Bazilio, mwashi mfupi mwenye meno machache na maneno mengi.

"Bwana Khatibu," Bazilio alimwambia mwaka ule wa kwanza, "ofisi ya wilaya unayoijenga imefika kwenye lenta. Tuje lini kuitukana?"

Khatibu alimwonyesha shahada ukutani. "Mzee Bazilio, mimi nimefundishwa na maprofesa. Leo nikatukanwe na watu wa udongo?"

Bazilio alivaa kofia yake, akaaga kwa adabu.

Ofisi ikaezekwa, ikafunguliwa kwa ngoma. Siku ya kwanza ya kazi ikagundulika kwamba dirisha la mkuu wa wilaya linatazamana uso kwa uso na mlango wa choo. Kuanzia hapo wilaya nzima ilijua tumbo la nani limechafuka. Khatibu alimfuata Bazilio kilabuni, amefura.

"Mliliona?"

"Tangu msingi."

"Mbona hamkusema?"

"Si ulitukataza? Nyani haoni kundule, bwana. Ndiyo maana sisi tunatembea wengi."

Khatibu alirudi nyumbani na aibu yake.

Mwaka 1975 akapewa kazi ya wodi ya wazazi Kibondo. Aliichora kwa moyo wote, na kwa akili ya Pangani, ambako mtu huomba upepo kama anavyoomba riziki. Kuta zote mbili ndefu alizijaza matundu ya hewa, kutoka kimo cha kitanda hadi kwenye lenta. Waashi aliowaajiri walifuata ramani bila kuuliza, kwa kuwa walimwogopa. Agosti ikafika, bati likafika, mvua zikabaki mwezi. Likishaezekwa, basi tena. Khatibu alilizunguka jengo mara tatu peke yake, asione kasoro, na kule kutoiona ndiko kulikomtia hofu. Akatuma ujumbe Kasulu kwa Bazilio.

Walikuja kumi na mmoja, juu ya lori la mihogo. Mkunga Ernesta, ambaye wodi ingekuwa yake, naye akajiunga nao.

"Uliambiwa wodi, wewe umejenga chujio," alianza Venanti, fundi kenchi.

"Nyuki watahamia kabla ya wazazi," akadakia mwingine.

Ernesta hakucheka. "Mama abebe mimba miezi tisa, halafu mtoto apokewe na upepo?"

Bazilio akaja mwisho, akatia mkono kwenye tundu moja mpaka kiwikoni.

"Hapa kwetu kuna imbeho, bwana. Baridi ya mwezi wa saba, mbwa analala jikoni. Mtoto wa siku moja utamfunika nini? Shahada?"

Machozi yalimtoka Khatibu mbele ya watu, wala hakuyafuta. "Nimekosa," alisema. "Sasa nifanyeje, nami muda sina?"

Bazilio alishavua koti. "Tusi bila kazi ni umbea," alisema, akaomba mwiko.

Kwa siku tisa waliyaziba matundu, wakabakiza machache kule juu. Khatibu alibeba matofali. Jioni aliwanywesha pombe, yeye akanywa chai, wakaitukana na chai yenyewe. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu ashuke kwenye lori. Tangu hapo hakuezeka hata banda la kuku bila kutukanwa, na yeye mwenyewe akawa mtukanaji wa kutegemewa.

Mwaka 1978 wakampandisha cheo, wakampeleka Dar es Salaam, ofisi yenye feni na wasanifu tisa. Tisa! Alibandika mchoro wa shule ukutani, ndani yake ameweka makusudi ngazi inayoishia kwenye ukuta, akasubiri matusi.

"Safi sana," alisema wa kwanza.

"Hongera, ndugu," akasema wa pili. Wiki ikaisha kwa hongera, na mkubwa akatia sahihi.

Khatibu aliingia kwa mkubwa kuomba arudishwe Kasulu.

"Kasulu? Kwa nini?"

"Huku sina wa kunitukana."

Mkubwa alimtazama kwa huruma, akamwandikia ruhusa ya ugonjwa ya wiki mbili. Khatibu alishukuru, akauchana ule mchoro, akaenda moja kwa moja stesheni kukata tiketi ya Kigoma.